Baa ya Kikaangoni

Mursal Adow alichora majumba mengi maishani mwake, lakini Garissa inamjua kwa jengo moja tu, na jengo lenyewe halina hata ukuta. Lina nguzo sita na mabati juu, basi. Ukitaka kujua lilivyofika pale, itabidi turudi nyuma kidogo hadi Mogadishu, mwaka wa 1985, katika ofisi yenye feni mbili, ambapo Mursal, kijana wa miaka thelathini na mitatu aliyesomea usanifu wa majengo Italia, alikuwa akibishana na mkubwa mmoja wa serikali kuhusu ngazi.

Mkubwa alitaka ngazi pana ya marumaru, ianzie sebuleni. Mursal alimweleza kwa adabu zote kwamba nyumba haina ghorofa, kwa hiyo ngazi haina pa kwenda. Mkubwa akasema hilo si shida ya mwenye nyumba, ni shida ya msanifu. Hapo Mursal akacheka. Alikuwa na kicheko kibaya, cha ghafla, cha kusikika hadi barabarani, na kicheko hicho ndicho kilichomtoa nchini mwake. Kazi ilikwisha Jumamosi. Jumatano rafiki yake akamnong'oneza kwamba jina lake limeanza kutajwa mahali pasipofaa. Wiki iliyofuata alikuwa juu ya lori la mchele, cheti chake kimekunjwa ndani ya shati, rula yake ndefu ya mbao mkononi kama fimbo ya mchunga ngamia, akivuka mpaka pale Liboi.

Garissa ilimpokea vizuri kama mtu. Kama msanifu haikumpokea kabisa. Alipopeleka cheti kwenye ofisi moja, karani alikigeuza juu chini, akakigeuza tena.

"Hii ni ya kilimo?"

"Ya majengo."

"Imeandikwa lugha gani?"

"Kitaliano."

"Basi nenda ukajenge huko Kitalianoni," karani alisema bila ubaya wowote, akamrudishia karatasi yake na kumwonyesha kibanda chenye chai nzuri.

Kazi aliipata kwa Duale, kontrakta mwenye malori manne na kofia nyingi. Mursal alichora, ramani zikatoka na jina la Duale. Mji mzima ukaanza kumwita Injinia. Kwa miaka miwili alijaribu kueleza tofauti kati ya injinia na msanifu, kisha akachoka. Mureithi, mwashi kutoka Nyeri ambaye alikuja Garissa kwa kazi ya miezi mitatu akasahau kurudi, alimfariji kwa herufi za kwao: "Hapa mtu akishika peni akaangaria juu, huyo ni injinia. Usijisumbue."

Kisha akatokea Ebla. Ebla aliuza maziwa ya ngamia pale Soko Mugdi, na alikuwa na ulimi ambao hata madalali wa mifugo waliuogopa. Aliona mwanamume mrefu akisimama mbele ya kibanda chake kila asubuhi na kutazama juu, akadhani anatazamwa yeye kwa hila. Kumbe Mursal alikuwa akitazama nguzo.

"Itaanguka," alimwambia siku ya tano.

"Imesimama tangu mama yangu akiwa msichana."

Ikaanguka Alhamisi, bila kumwumiza mtu. Baada ya miezi mitatu wakaoana, na Ebla hadi leo husema kwamba wanaume wengi walimsifu macho lakini mmoja tu ndiye aliyemwambia ukweli kuhusu nguzo. Wakamzaa Sabrin, na Mursal akajenga nyumba ya vyumba viwili ambayo haikuwa na joto mchana. Majirani walikuja kukaa humo wakijifanya wameleta salamu.

Mwaka wa 1992 aliomba uraia. Mwombaji alitakiwa kujua Kiswahili, kwa hiyo akaketishwa mbele ya afisa mmoja mpole aliyeitwa Munyao, mtu wa Kitui, ambaye alimwandikia sentensi moja kwenye karatasi na kumwambia asome: Paka alipita juu ya paa. Sasa, mtu aliyekulia Mogadishu na herufi p ni watu wasiojuana. Kwake kila p ni b, na v ikipita karibu inageuka f.

"Baka alibita juu ya baa," Mursal alisoma kwa sauti ya kujiamini.

Munyao alijifunika uso kwa faili. Mabega yakawa yanamtikisika. "Paka wako amepitia baa," alisema alipopata pumzi, "lakini naona nyumbani amefika. Karibu Kenya." Akagonga muhuri. Mursal naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini, akatoka akiamini kwamba yeye na herufi ile wamemalizana.

Mwaka huohuo Duale alipata kazi ya kujenga maghala ya chakula kule Ifo, kambi ya wakimbizi waliokuwa wakimiminika kutoka Somalia, na akampeleka Mursal kusimamia. Vibarua walikuwa sitini: wakimbizi wenyewe, Wasomali wa Garissa, na wengine waliotoka "Kenya", kama watu wa huko wanavyouita upande wa Nairobi. Ifo haikuwa na mti wa kumfunika mbuzi. Ilipofika saa sita, kivuli pekee kilikuwa cha lori la mchanga, na watu sitini walijibana chini na ubavuni mwake kama vifaranga.

Hapo Ifo ndipo alipokutana na mtu wa mtaa wake wa zamani, akamwuliza habari za shule moja ya Mogadishu, ya kwanza kabisa aliyoichora. Yule mtu akasema vita vimeiacha na ukuta mmoja.

"Ukuta upi?"

"Wa upande wa msikiti."

"Huo ndio niliouchora vizuri," Mursal akasema, akarudi kupima mchanga. Hakulia. Alijishangaa kwamba halii, na alijishangaa kwa muda mrefu.

Siku ya tatu baada ya hapo, Duale alifika saa sita na nusu na kuamuru lori likalete mchanga saa hiyohiyo. Dereva akawasha injini. Vibarua wakatambaa kutoka chini ya lori wakabaki wamechuchumaa juani, wamefumba macho. Mursal aliwatazama. Alikunja ramani zake, akaziweka kwenye kiti cha dereva, na kumwambia Duale kwamba kama kivuli kinaondoka, na msimamizi pia anaondoka. Akaketi chini pamoja nao. Hakuna kazi iliyofanyika siku hiyo wala kesho yake asubuhi. Mchana wa siku ya pili likaletwa turubai kubwa la kijani, na saa moja ya kupumzika chini yake, na Duale akamwambia Mursal atafute kazi kwa mtu mwingine.

Vibarua waliporudi mjini walianzisha chama chao na kumchagua Mursal kuwa mwenyekiti. Wengine wanasema ni kwa ajili ya ujasiri wa siku ile. Mureithi anasema ni kwa kuwa ndiye peke yake aliyeweza kuandika barua yenye mistari iliyonyooka. Na kweli aliandika barua nyingi: za vibarua waliofukuzwa, za akina mama waliobeba maji ya zege wakanyimwa mapumziko, za mafundi walioangukiwa na matofali. Maisha yake yakawa hayo, akichora nyumba ndogo za watu asubuhi na kugombana na makontrakta jioni, na uso wake ukapata afya.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomkera kama mchanga ndani ya kiatu. Garissa vibarua walisubiri kazi kwenye uwanja ulio kando ya stendi ya malori. Wenyewe waliuita Kikaangoni, na hawakuwa wakitania. Walifika alfajiri, wakasubiri mwenye kazi, na asiyepata mwenye kazi alikaangwa hadi alasiri. Mwanzoni mwa 1996, mzee mmoja mchukuzi aliyeitwa Warfa, mtu wa Balambala, mwenye mgongo wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, alisimama pale kuanzia asubuhi, na saa nane akadondoka. Zilpah, mama wa Kakamega aliyekuwa akichanganya saruji kuliko wanaume wengi, alimmwagia dumu lake lote la maji na kumkinga jua kwa leso hadi akapelekwa hospitali. Mzee Warfa alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi, na hakubeba tena kitu kizito kuliko kikombe.

Mursal alikwenda kumtazama, akarudi nyumbani, akamwambia Ebla: "Nataka paa pale. Kabla mwingine hajaanguka." Hakutaka kingine. Aliandikia baraza la mji barua tatu. Ya kwanza ilipotea. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza imepotea. Ya tatu ilirudi na swali: je, mwandishi ni diwani? Kwa kuwa mambo ya uwanja hupelekwa barazani na diwani.

"Basi kuwa diwani," Ebla akasema, akiendelea kupepeta mchele.

Hivyo ndivyo Mursal alivyoingia kwenye uchaguzi wa 1997, kwa tikiti ya chama kidogo ambacho ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la kofia. Mpinzani wake alikuwa Duale.

Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Kikaangoni penyewe, mwezi wa nane, watu kama mia tatu. Alipanda juu ya pipa. Alikuwa ameandika hotuba kwa mkono na kuikariri, na alipofika penye jambo lenyewe akaiweka karatasi mfukoni, akafungua mikono, na kusema kwa moyo wake wote:

"Fibarua wenzangu! Mkinichagua mimi, haba haba ntawajengea baa!"

Watu wakasogea karibu.

"Baa kubwa! Baa ya watu wote, Muislamu, Mkristo! Mtakaa ndani ya baa kutoka asubuhi mbaka jioni, na hakuna malibo!"

Watu wa kutoka "Kenya" waliruka. Walirusha kofia. Fundi mmoja wa rangi alilia machozi ya furaha, na sauti nyingine ikauliza kwa nguvu kama nyama choma itakuwepo. Mursal, ambaye hakuwahi kushangiliwa namna ile, alisema ndiyo, kwa nini isiwepo.

Wasomali waliokuwapo walikuwa wamemwelewa sawasawa, maana wao pia husema hivyohivyo, na paa walikuwa wakilitaka. Lakini waliposikia shangwe ile wakaanza kutazamana. Hakuna mtu duniani anayeshangilia mabati kiasi kile. Wakaisikiliza upya ile hotuba vichwani mwao. Wazee wawili waliokuwa mbele wakainuka, wakakung'uta kanzu, wakaenda zao bila kuaga. Angalau angesema "la watu wote", mtu wa shule angesikia kwamba wanaahidiwa janga. Lakini Garissa kila kitu ni "ya", na aliposema "baa ya watu wote", mji mzima ukasikia bia.

Duale hakuhitaji kufanya kampeni tena. Alikuwa akienda msikitini, akitoka anasimama mlangoni na kuuliza tu: "Jamani, hiyo baa inafunguliwa lini?" Basi. Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimefika Habaswein, na zilikuwa zimeongezewa wacheza densi. Mursal akaenda huku na huku kusahihisha. Kwa Wasomali aliapa: "Wallahi, sikusema baa, nimesema baa!" Kwa watu wa bara alieleza kwamba ni mabati tu, na hao nao wakanuna kabisa, kwa sababu walikuwa wameshaipenda. Alikuwa amepoteza kura za waliochukia pombe kwa kuiahidi, na za walioipenda kwa kuifuta. Hata Mzee Warfa alimtumia ujumbe kumwuliza kama ni kweli.

Ule wa Warfa ndio uliomvunja. Alirudi nyumbani akaketi kizingitini. Kikaangoni hapatapata paa, alijiambia, na sababu ni mdomo wangu. Miaka kumi na miwili naishi na watu hawa, na neno ninalolitaka kuliko yote ndilo nisiloweza kulisema. Alijaribu pale peke yake, akibana midomo: baa, baa, bhaa. Sabrin, aliyekuwa na miaka minane na Kiswahili cha shule, alikaa mbele yake na kumwonyesha: "Aabo, fanya kama unazima mshumaa. Pa. Pa." Akapuliza. Ikatoka baa yenye upepo.

Ebla alikuwa amepata yake sokoni. Wateja walimwuliza kama maziwa yatauzwa kwa chupa sasa. Alikuja akaketi karibu naye, na Zilpah na Mureithi walikuwa wamekuja pia, wamekaa kwenye mkeka kama watu waliofika matangani.

"Baba Sabrin," Ebla akasema, "uliponiona mimi, ulisema maneno mangapi?"

"Moja. Itaanguka."

"Lina p hilo?"

"Halina."

"Basi ndiyo maana nikakuelewa. Wewe Mungu hakukuba mdomo, amekuba mkono. Na mimi pia siwezi kulisema hilo neno lako, na maziwa nauza."

"Mimi siwezi kusema rori," Mureithi akachangia kwa huzuni ya kweli.

Zilpah alicheka hadi akajishika mbavu. "Injinia, kila mtu hapa ana herufi yake inayomsumbua. Wewe tuchoree. Tutaona."

Mursal akachora karatasi nzuri sana, yenye vipimo vyote, na Mureithi akaizungusha mjini siku mbili. Ilirudi na maoni. Mmoja aliona sanduku. Mwingine aliona kitanda, akauliza ni cha nani. Watu hawakuwa wamezoea kutazama nyumba kwa jicho la ndege. Ndipo Mursal alipopata wazo, na alipolipata akacheka kile kicheko chake, na Ebla akajua mumewe amerudi.

"Lakini sharti moja," Ebla akamwambia. "Siku hiyo usiseme hata neno. Ukifungua mdomo, nakwenda kwa mama."

Ikawa Jumapili moja ya mwezi wa tisa, karibu na saa sita. Mursal alifika Kikaangoni na vigingi, kamba ya katani, rula yake ya Mogadishu na magunia mawili ya chokaa. Watu walikuja kutazama kwa sababu walisikia kwamba mwenye baa anakuja. Yeye hakumsemesha mtu. Alipima hatua, akachomeka kigingi, akavuta kamba, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Mureithi alimfuata na ndoo, akimwaga chokaa juu ya kamba. Mstari mmoja mrefu. Wa pili. Polepole umbo jeupe likatokea juu ya mchanga, refu kama malori matatu yaliyofuatana, na ndani yake duara ndogo sita.

Zilpah ndiye aliyekuwa msemaji. "Haya, sikilizeni. Jua la mwezi huu saa sita liko utosini, kwa hiyo paa likisimama hapa kivuli chake kinaanguka hapahapa chini. Huu mstari mnaouona ndio mwisho wa kivuli. Nje ni jua, ndani ni kivuli. Hizi duara ni nguzo. Ingieni."

Hakuna aliyeingia. Walisimama pembeni wakijikuna. Kisha akatokea Mzee Warfa, ameshikwa mkono na mkewe, mara ya kwanza kuonekana pale tangu aanguke. Alitazama ule mchoro kwa muda. Akavua kofia, kama mtu anavyofanya akiingia mahali penye ubaridi, akavuka mstari, akaketi. Mwingine akaingia. Wakaingia kumi, wakaingia wote, wakaanza kuulizana nani atakaa wapi, na kubishana, na mama mmoja akasema kona ile ni ya wenye watoto. Jua lilikuwa linawachoma vilevile. Lakini walikuwa wamepunguza sauti, kama watu walio ndani ya nyumba.

Duale hakuweza kukosa jambo kama hilo. Aliteremka kutoka kwenye gari lake na koti la suti, jasho likimtiririka, akaja akasimama hatua moja nje ya mstari.

"Waryaa, Mursal! Hiyo ndiyo baa? Mimi naona unga tu." Watu wakamtazama Mursal. Mursal akabana midomo yake kwa meno, akamtazama Ebla. "Ameishiwa maneno," Duale akaendelea. "Mtu amekuja jana kutoka nchi ya watu, hawezi hata kusema anachotaka, sasa anamwaga unga chini anasema ni nyumba. Nyinyi ni watoto?"

Hapo Zilpah, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mwenye nyumba anayemwona mgeni anateseka mlangoni, akasema: "Bwana Duale, mbona umesimama juani? Ingia huku kivulini."

"Asante, mama," Duale akasema, akainua mguu kama anayevuka kizingiti, akaingia.

Kulipita muda wa kuvuta pumzi moja. Duale akatazama chini, akaona viatu vyake vyeusi vimekuwa vyeupe kwa chokaa. Kisha kikalipuka kicheko ambacho hakijawahi kusikika kwenye stendi ile. Madereva waliteremka kwenye malori kuuliza kumetokea nini. Na juu ya sauti zote ilisikika moja, mbaya, ya ghafla, ya kufika hadi barabarani, kicheko kilekile kilichomponza kule kwao. Ebla akamwacha acheke. Kucheka hakuna p ndani yake.

Kwa wiki tatu baadaye Duale alipopita mtu alimwambia, "Karibu kivulini." Wazee wawili wa kanzu walirudi, wakakaa ndani ya mstari, wakasema kwamba wao tangu mwanzo walijua ni baa, yaani paa.

Alishinda, nikueleze mapema usiwe na wasiwasi. Alishinda uchaguzi wa Desemba, katika mafuriko yale ambayo kila mtu anayakumbuka, Tana imejaa, barabara ya Nairobi imekatika. Mabati hayakufika hadi mwezi wa nne mwaka uliofuata. Paa likajengwa, na hakuna aliyeliita paa. Hadi leo ni Baa ya Kikaangoni, na kuna afisa wa leseni za pombe, mgeni mjini, aliyewahi kulivamia asubuhi na mapema akakuta watu arobaini wanakunywa chai ya Zilpah.

Lakini ukimwuliza Mursal alishinda lini, hataji siku ya kura. Anataja asubuhi moja ya mwishoni mwa Oktoba.

Mvua zilikuwa zimeanza siku hiyo, mvua ambazo hakuna aliyekuwa amezitarajia kwa ukubwa ule. Mursal alizisikia juu ya mabati yake tangu kabla ya swala ya alfajiri, na alichowaza ni chokaa. Alitembea kuelekea stendi bila mwavuli, mzito moyoni, akijua atakachokikuta. Miezi yote ile alikuwa amepiga hesabu za jua tu. Sasa mstari umeondoka, na watu huamini wanachokiona, na yeye mdomo hana.

Mstari ulikuwa umeondoka kweli. Hapakuwa na alama hata moja nyeupe, uwanja mzima ni tope jekundu kutoka upande hadi upande. Na katikati ya tope hilo, uwanja mtupu kulia na kushoto, walikuwa wamesimama vibarua, magunia ya plastiki kichwani, wamebanana bega kwa bega katika umbo refu lenye kona nne, refu kama malori matatu. Kila mtu alikuwa mahali pake. Wenye watoto walikuwa kwenye ile kona yao.

Akasogea. Akaona kwamba hawakubanana kila mahali. Palikuwa na mapengo. Akayahesabu: sita, kila moja la duara, la kutosha mtu mmoja, na hakuna aliyeyakanyaga ingawa mvua iliwasukuma wote ndani.

Hapo ndipo Mursal Adow alipolia, kwa ajili ya shule na ukuta wake mmoja na mambo mengine yote, na mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyejua. Alitaka kuwa pamoja nao. Akapenya katikati ya watu, akaona nafasi, akasimama.

Zilpah akamgusa bega.

"Injinia," akasema, "sogea kidogo. Hapo pana nguzo."